Kitanda cha Mama Gode

Siku ya kumzika seremala Fundi Silasi nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha safu ya mwisho, karibu na njia ya udongo inayoteremka kwenda kwenye karakana za Gisozi, na mahubiri yote yalinipita kwa sababu nilikuwa nakitazama kisogo cha mwanamke aliyekaa safu ya tatu. Nywele zilikuwa zimekatwa fupi na kuingia mvi, lakini shingo ile ndefu, iliyoinama kidogo upande wa kushoto, nilikaa nyuma yake mwaka mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alikuwa Godeliva. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na saba, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuhama Kigali. Ukitaka kumkwepa mtu katika mji huu inabidi ujitahidi, na sisi tulijitahidi. Ibada ilipokwisha alikuja moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili, akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. "Weye Jovina, umenenepa," alisema, na mimi nikacheka, msibani, mbele za watu, nikaona haya. Kisha akashusha sauti. "Jumapili uje Masaka. Iko kitu yako kwangu, nimeiweka siku mingi." Sikumuuliza ni kitu gani. Niliogopa kuuliza, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najua tu kwamba kinahusu kile kitanda.

Ajabu ni kwamba wiki ileile nilikuwa nimepata barua kutoka chuo kikuu. Klabu ya ujasiriamali inaadhimisha kuanzishwa kwake, barua ilisema, na kitanda chetu kimetiwa mafuta na rangi mpya na kuwekwa kwenye chumba cha maonyesho. Waliniomba Jumamosi inayofuata niende kuwaeleza wanafunzi safari yangu ya ujasiriamali. Safari yangu! Mimi ni mtumishi wa ofisi moja ya Kacyiru. Asubuhi napanda basi, mchana nasoma mafaili ya watu wengine, jioni napanda basi. Tangu mwaka ule sijauza hata yai. Lakini kwenye kumbukumbu za chuo jina langu limeandikwa kama mwanzilishi, na mwanzilishi hastaafu.

Klabu ilikutana kila Jumamosi saa nane mchana, ghorofa ya pili, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya maabara. Dirisha moja halikufunguka na bomba la sinki lilidondosha maji wiki nzima. Kuta zote zilibandikwa vikaratasi vya rangi, vya njano kwa matatizo na vya kijani kwa suluhisho, na kila upepo ulipopita mlangoni matatizo yalianguka sakafuni, tukawa tunayaokota na kuyabandika tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulifika na matope viatuni kutoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tukakaa hivyohivyo. Hakukuwa na alama za mtihani wala mtu aliyetulazimisha kuja, na nadhani ndiyo maana tulikuja. Darasani tulikariri. Pale ghorofani mtu alikuita kwa jina, akakuuliza unawaza nini, akaandika ulichosema ukutani. Kwa binti aliyekulia Bukoba, aliyerudi nchini kwao akiwa na Kinyarwanda cha kugugumia ambacho wenzake walikichekelea mabwenini, kuulizwa unawaza nini lilikuwa jambo kubwa. Ningefanya chochote ili chumba kile kiendelee kuniuliza. Nalisema hili mapema ili ieleweke baadaye.

Aliyetuuliza alikuwa kocha wetu, Allan, kijana aliyekulia Kampala, mrefu, mwenye mashati meupe ambayo sijui aliyapiga pasi saa ngapi. Alituzungumzia Kiingereza cha haraka na mimi naandika hapa kama ninavyokumbuka. Hakuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia maisha kama angekuwa mtu mbaya. Nilipowasilisha wazo langu la kwanza, la kupeleka maandazi ya moto mabwenini asubuhi, alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema maandazi si tatizo. "Nataka tatizo linalomuumiza mtu unayemjua," alisema. "Mtu mwenye uso. Majaji hawakumbuki wazo, wanakumbuka uso." Wenzangu waliandika maneno hayo kwenye madaftari, na mimi nikayapigia mstari mara mbili. Godeliva aliyekaa mbele yangu hakuandika kitu. Alikuwa hivyo, mtu wa kusikiliza huku anakwangua kucha. Yeye alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ndiye mtu pekee chuoni ambaye sikuwa najitahidi mbele yake.

Mara ya kwanza aliponipeleka kwao Masaka tulishuka kwenye moto, pikipiki za abiria, pale njia panda na kutembea kati ya mashamba madogo ya mahindi na nyumba mpya zisizo na madirisha bado. Nyumba yao ilikuwa na sebule na vyumba viwili, na chumba kimoja hakikuwa na mlango ila pazia la kitenge chenye ndege wa bluu. Nyuma ya pazia alilala mama yake. Kiharusi kilikuwa kimempiga miaka miwili kabla, upande wote wa kulia, na mdomo ukabaki umepinda kidogo, lakini akili ilikuwa kali na masikio makali zaidi. Alilala kwenye godoro lililowekwa chini, kwa sababu akilala kitandani waliogopa ataanguka. Shida kubwa ilikuwa kula. Akiwa chali chakula kilimpalia, na kumwinua ilihitaji Godeliva apige magoti, amshike kwapani, amwegemeze kifuani kwake kwa mkono mmoja na kumlisha kwa mwingine, mara tatu kwa siku, pamoja na masomo. Siku ile nilipewa heshima za mgeni. Niliwekewa ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa, na maharage, na nikiwa nakula peke yangu sebuleni nilimsikia mama akimuuliza bintiye kwa Kirundi kama mgeni amepewa ndagala za kutosha, kama sahani ni ile nzuri, kama amecheka. "Amecheka," Godeliva alijibu. "Sasa na weye ukule." Kisha nikasikia kupaliwa, kukohoa kwa muda mrefu, na kiganja kikipiga mgongo. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nakiri bila kujificha kwamba kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, kabla ya huruma, ni kwamba uso nimeupata.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hilo hakuna anayeweza kulikataa hadi leo. Kitanda cha mbao chenye sehemu ya kichwa iliyofungwa bawaba, na chini yake jeki ya gari, ile ya kuinulia gari ukibadilisha tairi. Unazungusha, mgonjwa anakaa. Mtoto wa miaka kumi angeweza kumwinua bibi yake. Tulilipeleka Gisozi kwa Fundi Silasi, ambaye tulimchagua kwa sababu karakana yake ilikuwa ya mwisho kabisa na hakuwa na wateja wa kutuona tukijikanyaga. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vumbi la mbao kwenye kope, na Kiswahili alikipatia Goma. Alitazama mchoro wetu huku na huku. "Hii kitanda iko ya nani?" aliuliza. Nilianza kumweleza kuhusu wagonjwa wa nyumbani nchi nzima. Akaninyamazisha kwa mkono. "Sijauliza nchi. Nauliza nani atalala. Mimi sitengenezi kitanda ya mtu sijaona." Na kweli, siku iliyofuata alifunga karakana, akapanda moto hadi Masaka, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti kando ya godoro na kumsalimia mama kwa muda mrefu. Alimpima kwa kamba ya katani, akipiga fundo penye bega, fundo penye nyonga, fundo penye goti. Alimuuliza mkono gani una nguvu. "Kushoto," mama alisema. Basi mpini wa kuzungushia jeki akauweka upande wa kushoto, akamwambia fundi wa kuchomelea aurefushe uwe wa chuma kilichopinda mara mbili, na mwishoni akautia mshiko wa mbao ya mparachichi alioulainisha mwenyewe hadi ukateleza. Nilimwambia kwamba anayezungusha ni mwangalizi, si mgonjwa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia msumari uliopinda. "Siku moja atataka kujiinua," alisema.

Na alijiinua. Kitanda kilifika mwezi wa sita, kikafungwa nati moja moja chumbani kwa sababu kilikataa kupita mlangoni kikiwa kizima, na mama akawekwa juu. Kwa wiki mbili Godeliva ndiye aliyezungusha. Wiki ya tatu tulikuwa sebuleni tunamenya viazi tukasikia jeki inalia, taratibu, kri, kri, na tulipofunua pazia tulimkuta ameketi, jasho limemtoka, mkono wa kushoto umeshika mpini, anatazama dirishani. Hakuwa amejiinua kutazama nje kwa miaka miwili. Alituonyesha kwa kidevu mahindi ya jirani. "Huyu mutu anapanda karibu karibu sana," alisema, na tukacheka sote watatu mpaka Godeliva akakaa chini. Kuanzia siku hiyo alikula uji mwenyewe, akauchomoa mpini na kuuacha mapajani kama mwingine anavyoweka rozari. Kikohozi kilikwisha. Alinenepa mashavu. Nikienda Masaka alikuwa akinisubiri ameketi, na nilipoingia alinipungia. Miezi ile mitatu ndiyo pekee ya mwaka ule ninayoikumbuka bila kitu kunichoma.

Mashindano ya chuo yalikuwa mwezi wa tisa. Tulikuwa na picha za kitanda, tulikuwa na mchoro, tulikuwa na maelezo niliyoyakariri mbele ya kioo cha bweni. Allan alizitazama picha akazirudisha. Kila timu itakuwa na picha, alisema. "Nyinyi ndio pekee mna kitu. Kileteni." Godeliva alisema kitu chenyewe kina mtu juu yake. Allan alifikiri, kwa haki kabisa, akapendekeza tumwombe fundi atengeneze cha pili. Nilikwenda Gisozi siku hiyohiyo. "Nitatengeneza," Silasi alisema, "lakini mbao ziko mbichi. Ungojee wiki tatu." Mashindano yalikuwa baada ya siku tisa. Nikamuuliza kama hawezi kutumia hizohizo mbichi. "Zitapinda, halafu zitamwangusha mutu," alisema, akarudi kwenye randa yake. Nilirudi ghorofani kwenye vikaratasi vyetu, na mimi, si Allan, si mtu mwingine, ndiye niliyesema kwamba siku mbili si nyingi. Ijumaa tukichukue, Jumamosi tuonyeshe, Jumapili asubuhi kiwe kimerudi. Godeliva alikwangua kucha. "Tumuulize mama," alisema.

Nilimuuliza mimi, kwa sababu nilikuwa hodari wa maneno. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda nikamweleza kuhusu majaji, kuhusu wagonjwa wengine watakaopata vitanda kama chake, kuhusu jina lake litakavyosemwa. Alinisikiliza ameketi, amefunikwa kanga hadi kiunoni. Alitabasamu kwa ule upande mmoja. "Ego, mwana wanje," alisema kwa Kirundi, ndiyo, mwanangu, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mupeleke tu. Mimi nililala chini siku zote, chini iko inanijua." Kisha akaagiza niletewe chai. Nilikunywa chai ile nikiwa na furaha tele, nikamwona mama ni mtu wa kisasa, anayeelewa mambo.

Ijumaa tulikuja na pikapu ya kukodi. Godeliva alifungua nati, mimi nikazipokea kwenye bakuli, na mama alikuwa amekwisha kushushwa kwenye godoro, amegeukia ukutani. Kila kitu kilipokuwa kwenye pikapu tukagundua mpini haupo. Tulitafuta chini ya mbao, kwenye bakuli la nati, sebuleni, hadi uani. Dereva akaanza kupiga honi. Godeliva akamuuliza mama. "Sijui, mwanangu," mama alijibu, akiwa bado ametazama ukuta. "Mimi naona wapi? Mimi niko chini." Tukaondoka bila mpini. Dereva alituazima wa jeki yake, mfupi, wenye kutu, ukaingia vizuri, na tukalisahau jambo hilo kabla hatujafika barabara ya lami.

Jumamosi nililala mimi juu ya kitanda, mbele ya ukumbi uliojaa, nimejifunika shuka hadi kidevuni, na Godeliva akazungusha. Nilipanda polepole, nikaona mapaji ya nyuso za majaji, kisha macho, kisha vinywa. Wakapiga makofi kabla sijasema neno. Tulishika nafasi ya kwanza. Ghorofani watu walituinua, mmoja akaniletea soda na sambusa kwenye karatasi, kila mtu akataka kuniuliza ninawaza nini. Kichwa kilinivimba. Jioni hiyohiyo Allan alitwambia fainali ya vyuo vyote itakuwa baada ya karibu wiki tatu, na kwamba hakuna maana ya kukirudisha Masaka, kukifungua, kukifunga, mbao zitachoka, tena kinahitaji rangi ya klabu. Godeliva alinitazama mimi, si yeye. Nikasema wiki hizo zitapita haraka. Nikasema pia kwamba mama alikubali, na hilo lilikuwa kweli, na kwa miaka mingi nilijificha ndani ya ukweli huo.

Siku sita baadaye nilikwenda Masaka. Nilipokaribia mlango nilisikia kikohozi, cha ndani, kizito, kisicho cha kupaliwa. Nilibisha. Nyuma ya pazia sauti ya mama ikauliza kwa haraka, "Ni nani? Wamekileta?" Godeliva akajibu hapana kwa sauti ya chini, "Oya, mama. Ni Jovina." Kisha mama akaita kwa nguvu, kwa uchangamfu, "Karibu mwanangu! Mulishinda?" Nilisimama pale na kitenge cha ndege wa bluu mbele ya uso wangu nikasema tulishinda, mama. Walikuwa wamemwegemeza kwa magunia mawili ya majani makavu, akawa ameteleza, kidevu kimelala kifuani. Alinipungia. Nilimwambia kitanda kitarudi Jumatatu, bila kungoja fainali. Njiani nilipita Gisozi, sijui nilitaka nini, labda kusifiwa, na Fundi Silasi akaniuliza mama anakula vipi siku hizi. Nilimwambia kitanda kiko chuoni. Aliweka nyundo chini. "Hiyo kitanda si ya klabu," alisema. "Nilipima mutu. Rudisha leo." Nilimpigia Allan, akanijibu rangi haijakauka, Jumatatu bila shaka. Jumatatu ikawa Jumatano. Ningeweza kukodi pikapu mwenyewe. Ningeweza kumwambia Godeliva twende tukakibebe na rangi yake mbichi. Niliona aibu kumsumbua Allan mara ya tatu. Ndiyo hiyo tu, hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Mama alipelekwa hospitali Jumatano hiyo, homa ya mapafu, na Jumapili alfajiri akafariki. Tulimzika Alhamisi. Niliweka udongo kama wengine. Fundi Silasi alikuwepo, amevaa koti kubwa la mtu mwingine, na hakunisalimia. Ijumaa ilikuwa fainali. Allan aliniuliza kwa upole mkubwa kama naweza, akasema hakuna atakayenilaumu nikikataa, akasema pia kwamba pengine mama angependa. Godeliva hatukumuuliza. Nililala juu ya kitanda kile, sasa cha bluu, chenye jina la klabu kwenye ubao wa kichwa, na Allan mwenyewe akazungusha kwa mpini wa kuazima. Nilipofika juu nikasema maneno niliyokuwa nimeyakariri tangu mwezi wa nane, bila kubadilisha hata moja. Nilisema, kuna mama mmoja Masaka ambaye kwa miaka miwili hakuweza kuketi. Nilisema, mama huyu leo anakula mwenyewe. Nilisema anakula. Majaji wawili walifuta machozi, na tukapewa kikombe cha kioo.

Kikombe kilikaa kwenye kabati la chuo. Kitanda cha pili hakikutengenezwa kamwe. Nilikwenda Gisozi mara moja kumwomba fundi tuanze, akasema mbao hazipo, na nyuma yake mbao zilirundikwa hadi darini. Allan alipata kazi Nairobi. Godeliva aliacha klabu, kisha akahamia darasa la jioni, na tulipokutana kwenye korido alinisalimia kwa adabu, kwa Kinyarwanda. Nilimaliza chuo nikaomba kazi ambayo haina mtu mwenye uso.

Jumapili nilishuka Masaka nikapotea, maana mahindi yamekwisha na kila mahali ni maghorofa na mageti. Nyumba ni ileile. Godeliva anauza vitenge, na chumba cha mama ndiyo stoo yake, marobota yamepangwa hadi dirishani. Pazia limeondoka, ameweka mlango. Alinipikia ndagala na ugali wa muhogo, na tulikula tukiulizana habari za watoto. Alipomaliza kunawa aliingia stoo akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, akakiweka mezani kati ya sahani. Nilijua kabla hajakifungua. Chuma kilichopinda mara mbili, mshiko wa mparachichi umekuwa mweusi kwa jasho.

"Nilikuta siku ile nilimwosha," alisema. "Ilikuwa ndani ya kanga, huku, kwa tumbo. Alama yake iko kwa ngozi. Alilala nayo siku zote zile, na hospitali alienda nayo, manesi walifikiri ni kitu ya dini."

Nilisema, "Alisema hajui uko wapi."

"Ndiyo alisema." Alikuwa anakwangua kucha, kama zamani. "Weye ulikuwa mgeni wake, Jovina. Angekuambia vipi hapana? Alificha mpini. Alifikiri bila mpini hamutaenda."

Nililia, si kidogo, nililia kwa sauti mbele ya masahani, na yeye akaniacha nilie. Niliomba msamaha, maneno yakatoka vipandevipande. Alingoja nimalize. "Nilikuchukia sana," alisema. "Halafu nilikumbuka nani alifungua nati. Ni mimi. Na mimi nilikuwa mtoto wake, mimi nilijua anaficha kitu, niliona mkono yake ndani ya kanga. Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka tushinde." Akaufunga mpini tena, akausukuma upande wangu. "Mimi nimeubeba miaka hii yote. Sasa na weye ubebe."

Jumamosi nilikwenda chuoni nikiwa nao kwenye mkoba. Chumba cha maonyesho kina kuta za kioo na taa nzuri, na wanafunzi walikuwa kama arobaini, nadhifu, madaftari mapajani. Kitanda kilikuwa katikati, bluu inang'aa, na kibao kinachosema usiguse. Pale mpini unapoingia palikuwa na tundu tupu. Yule dereva alichukua wa kwake siku ya fainali, na tangu hapo hakuna aliyewahi kukiinua kitanda. Sikuwaeleza safari yangu. Niliwaeleza mama alivyokula, alivyoyatazama mahindi ya jirani, nilivyokunywa chai yake, na nilichokisema Ijumaa ile baada ya kumzika. Hawakupiga makofi, hawakujua wafanye nini. Kijana mmoja aliyeinua mkono aliushusha. Kisha nikatoa mpini, nikauingiza kwenye tundu la upande wa kushoto, nikazungusha. Jeki ililia vilevile. Ubao wa kichwa ulipanda taratibu, ukasimama, na hakukuwa na mtu juu yake.

Nikauchomoa, nikaufunga kwenye kitenge chake. Mratibu wa klabu, binti mchangamfu mwenye kadi shingoni, alinifuata hadi mlangoni. Alinishukuru sana, akasema ilikuwa hadithi yenye kugusa, kisha akautazama mkoba wangu. "Madamu, mngetuachia na huo mpini," alisema. "Tungeuweka pamoja na kitanda, na maelezo. Wageni wangependa kuuona." Alitabasamu, akanyoosha mikono miwili kwa heshima, na wanafunzi nyuma yake wakawa wanangoja, na mimi nikahisi adabu yangu yote inanisukuma niseme ndiyo.

"Hapana," nikasema.